Dawa ya Mume na Kuku

Mimi ni msusi. Kiti changu kiko barazani, na kutoka hapo naiona nyumba nzima. Chumba cha mbele ni cha kaka yangu, fundi cherehani. Chumba cha pembeni ni changu. Nyuma kuna banda la kuku wa mayai, na hilo ni la wifi yangu, mke wa kaka. Mtu asije akakudanganya kuwa ni la kaka. Kaka hana hata unyoya mmoja mle ndani.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Wifi anafagia uwanja. Kaka anaingia bandani kuokota mayai, kwa sababu wifi anasema mume wake ana mikono ya taratibu. Akitoka anajipangusa mikono kwenye suruali, anakaa kwenye cherehani, na mtaa mzima unajua kumekucha. Mimi nasuka, wateja wangu wanapiga soga, na midomo inafanya kazi kuliko vidole.

Wifi yangu ni mchapakazi, hilo simnyimi. Ana kichwa kigumu pia, na hilo nalo simnyimi. Kuku wakipiga chafya, anawapa dawa. Wasipopiga chafya, anawapa dawa ili wasije wakapiga. Wingu likitanda tu, analishusha kopo lake kutoka juu ya kabati. Anatoa vile vidonge vya rangi mbili, anavifungua, anamwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Kinga, anasema.

Na vidonge vyenyewe ni vya watu. Alivinunua kidogo kidogo dukani bila kuandikiwa na daktari. Kaka akikohoa, kopo linashuka. Mimi nikiumwa jino, kopo linashuka. Unameza leo, unameza kesho, maumivu yakipungua basi. Vinavyobaki wanapewa kuku, visipotee bure. Jirani akija kuomba kimoja, naye anapewa.

Nilikuwa namtania. Nilimwambia mume na kuku wanakula dawa moja, siku moja kaka atataga. Wifi akajibu kwamba akitaga, mayai yatakuwa yake yeye, mimi nisisogee. Tulicheka mpaka mteja wangu akalalamika kuwa namvuta nywele.

Ukafika msimu wa sare za shule. Kaka alipata kazi ya kushonea shule nzima, na akawa anakimbizana na siku. Katika haraka hiyo, sindano ya cherehani ikamchoma kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ikaingia mpaka ndani. Aliichomoa mwenyewe. Akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha sare, akaendelea kushona. Wanaume bwana. Asubuhi akaingia bandani kuokota mayai, na kidonda chake kidoleni, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kidole kikavimba. Kopo likashuka. Kaka akameza vidonge, maumivu yakapungua, akaacha. Kikavimba tena. Kopo likashuka tena. Mwisho kidole kikawa kimejaa, chekundu, kinang'aa, na kaka hakuweza kushika mkasi. Sare zikakaa mezani zimekatwa bila kushonwa. Cherehani ikanyamaza. Nyumba ikapoa, nikawa nasuka huku nasikia saa ya ukutani ikigonga.

Hapo ndipo nilipochukia kweli. Nilimwambia wifi kopo likishuka tena nitalitupa kisimani. Nikamshika kaka mkono wake mzima, nikampeleka hospitali. Wifi alifuata nyuma akinung'unika kuwa namwingilia ndoa yake.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Alikipasua kidogo kidole kile, akatoa usaha. Akapitisha pamba kwenye kidonda, akaitia kwenye kichupa, akasema inakwenda maabara. Kisha akauliza mgonjwa ameshatumia dawa gani. Wifi akamweleza yote bila kificho. Kopo, vidonge vya rangi mbili, mawingu, mpaka kuku. Daktari aliweka kalamu chini akasikiliza hadi mwisho.

Alimpa kaka dawa, akamsisitizia asiache kabla haijaisha. Safari hii kaka alitii. Lakini dawa haikufua dafu. Wekundu ukapanda kutoka kidoleni ukaingia kiganjani. Tukarudi hospitali mbio, na daktari akamlaza kaka siku hiyo hiyo. Kisha akatuita pembeni, wifi na mimi.

"Vijidudu vya kidonda hiki vimekuwa sugu," alisema. "Dawa tulizozizoea haziviui. Maabara bado wanatafuta dawa inayoviweza. Tukichelewa, maradhi yakaingia kwenye mfupa, itabidi tukikate kidole ili tuokoe mkono."

Wifi alilia pale pale mbele za watu. Fundi asiye na kidole cha shahada atapitishaje uzi? Atashikaje mkasi? Kaka alijifunza kazi ile angali mdogo, hajui nyingine. Na sina kaka mwingine. Niliogopa sana.

Kesho yake daktari alikuja nyumbani, na hakuja peke yake. Alifuatana na daktari wa mifugo, kijana mrefu aliyelazimika kuinama kupita mlango wetu. Daktari wetu alitueleza kwamba siku hizi watafiti wa afya za watu na watafiti wa afya za wanyama wanafanya kazi pamoja. Sababu ni kwamba vijidudu havijui kama hapa ni chumbani na pale ni bandani. Vinapita kote, kwenye mikono, kwenye maji, kwenye vyombo, kwenye kinyesi. Wao wawili wako katika kundi linalochunguza nyumba ambamo watu na mifugo wanaishi karibu. Wakaomba ruhusa wachunguze na ya kwetu.

Wifi alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni. Alidhani wamekuja kuwachukua kuku wake. Kijana akamhakikishia kuwa hakuna kuku atakayeguswa bila ridhaa yake. Ndipo akawapisha. Walipitisha pamba kwenye kinyesi cha kuku, kwenye vyombo vya maji, kisha kwenye mikono yetu. Hata yangu, na mafuta yake ya nywele.

Walipomaliza tuliketi barazani. Kijana akamgeukia wifi.

"Mama, jikoni kwako kuna mende?"

Wifi akabadilika uso. Akasema jikoni kwake ni safi, aulizwe yeyote. Mimi nikasema mende wapo, na wengine ni wapangaji wa zamani kuliko mimi. Wifi alinitazama kwa jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo.

"Mnawapulizia dawa?" kijana akauliza.

"Tunawapulizia," wifi akakubali. "Zamani walikuwa wanakufa. Siku hizi wanalewa tu, wakizinduka wanaenda zao."

"Basi ndivyo ilivyo. Ukipuliza dawa kidogo kidogo, wanyonge wanakufa, wabishi wanabaki. Hao wabishi ndio wanaozaana. Vijidudu vya magonjwa navyo viko hivyo. Kila wingu lilipotanda, umevipa dawa kidogo. Vinyonge vimekufa. Vibishi vimebaki, kwa kuku na kwa watu."

Wifi aligeuka akalitazama banda lake. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake, kwamba yeye alikuwa anawakinga.

Kijana hakumcheka. Alimweleza kuwa dawa zile zinaua bakteria, na zinafaa pale tu mtaalamu anapoona zinahitajika. Haziwezi kuzuia baridi wala mvua. Mafua na vikohozi vingi vinaletwa na virusi, na virusi dawa zile hazivigusi kabisa. Kinga ya kuku ni chanjo, banda lenye hewa, sakafu kavu, maji safi, na kutowabana. Kuku akiugua, mtenge na wenzake, umwite mtaalamu wa mifugo. Akipewa dawa, mayai yake yasiliwe wala yasiuzwe mpaka muda aliosema mtaalamu uishe.

Daktari wa hospitali naye akaongeza ya kwake. Dawa za watu ni za watu, na ni za yule aliyeandikiwa. Usimgawie jirani. Usiache katikati kwa sababu umejisikia nafuu, fuata ulivyoelekezwa. Zikibaki usiziweke kwa ajili ya siku nyingine, na usizitupe jalalani, zirudishe hospitali au duka la dawa. Na mtu mwenye kidonda asiingie bandani nacho wazi. Akifunge kwanza, avae glavu, na akitoka anawe kwa sabuni. Nguo ya kuvaa bandani iwe ya bandani tu.

Nikamuuliza, na kujipangusa kwenye suruali je? Akacheka. Akasema hiyo nayo tuiache.

Majibu ya maabara yalipotoka tulikuwa hospitali, tumekaa kando ya kitanda cha kaka. Daktari aliingia anatabasamu, na mimi nikaanza kulia kabla hajasema neno. Dawa imepatikana. Ni ya sindano, na inaviweza vijidudu vile. Waliianza saa ile ile.

Kisha akatueleza na yale ya nyumbani. Kijidudu sugu cha kidoleni kilionekana pia kwenye kinyesi cha kuku. Hawezi kuapa nani alimwambukiza nani. Huenda kaka alikiokota pamoja na mayai. Huenda kilitoka kwake kikaenda bandani. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba dawa za ovyo ndizo zinazovifuga vijidudu vya namna hiyo.

Wifi aliinama. "Kwa hiyo ni mimi niliyetaka kumkata mume wangu kidole."

"Kidole hakijakatwa," daktari akamjibu. "Na siku ya kwanza ulinieleza kila kitu, mpaka kuku. Watu wengi huficha. Maneno yako ndiyo yaliyonifanya niwahimize watu wa maabara wakipime kijidudu kwa dawa baada ya dawa. Umemsaidia mume wako, mama."

Kaka, ambaye kwa kawaida ukimpa neno moja anakurudishia nusu, alinyoosha mkono wa kushoto akamshika mkewe bega. Akamwambia aache kulia, kuku watakosa maji.

Wekundu ulirudi nyuma polepole. Uvimbe ukashuka. Kidole kikabaki na kovu na ugumu kidogo, na daktari akamfundisha kaka kukikunja na kukikunjua kila mara. Sare za shule zilimaliziwa na fundi mwenzake wa mtaa wa pili, na watoto wakavaa kwa wakati. Kaka alirudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Na wifi? Kichwa kigumu kikishageuka hakirudi. Alilibeba kopo mwenyewe, akalikabidhi hospitali. Alitoa maranda yote mabichi ya bandani akaweka makavu. Akapasua dirisha pana akalifunga kwa waya. Kuku wakapigwa chanjo. Mlangoni mwa banda akaweka ndoo ya bomba na sabuni, na anayetoka bila kunawa atamtambua yeye ni nani. Mimi mwenyewe nilirudishwa kunawa na yai mkononi.

Wingu likatanda tena, zito kweli. Nikaacha kusuka nikamtazama. Wifi alitoka uwanjani, akatazama juu, akashika kiuno. Kisha akashusha turubai upande unaopigwa na mvua, akawabadilishia kuku maji, akaingia jikoni kupika. Mvua ikanyesha mpaka ikachoka. Kuku hawakupungua hata mmoja, na asubuhi walitaga kama kawaida yao.

Majirani walikuja kuomba vidonge kama walivyozoea. Mmoja aliambiwa asubiri, wifi avae viatu amsindikize hospitali. Mwingine alikaa akaelezwa habari za mende mpaka akasahau kikohozi chake.

Sasa sikiliza. Siku moja kaka alijifungia chumbani mwake. Cherehani ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, na sisi barazani tukawa tunasikiliza kila mshono. Wateja wangu nao wakaacha soga. Alipofungua mlango, alikuwa ameshika vazi pana la kazi, la mikono mirefu, lenye mifuko mikubwa ya kutilia glavu. Alilishona kwa vitambaa vilivyobaki vya sare.

"Hili ni la bandani," alimwambia mkewe. "Halivuki uwanja kuja ndani. Likivuka, liingie kwenye maji na sabuni."

Wifi akalivaa pale pale. Akajizungusha, akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa vazi jipya. Mimi nikaona mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Nikasema. Ningeachaje kusema?

Kaka akageuka, akaninyooshea kidole. Kile kile cha shahada, cha mkono wa kulia, chenye kovu lake, kimenyooka vizuri kabisa. Akaniambia nirudi kwenye vichwa vya watu, mambo ya ushonaji nimwachie fundi.

Nilirudi kwenye kiti changu bila kubisha. Tangu nizaliwe sijawahi kufurahi hivyo kunyooshewa kidole.