Mche wa Chiriku na Mkasi wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa kushona nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Humo mlijaa meza ya kukatia, pasi ya mkaa na nguo zilizotundikwa ukutani, hata wateja hawakuwa na pa kukaa. Walisubiri nje, juani, wamejikinga kwa viganja na kumhimiza fundi amalize.

"Mama, nichukue mkasi nikate karatasi ya kufunikia daftari?"

"Thubutu!" mama alijibu bila kuinua macho.

Mkasi ule ulikuwa wa kitambaa tu. Siku moja baba aliukatia waya, na jioni hiyo alikula chakula chake bila mtu wa kumsemesha. Chiriku aliyajua hayo yote, ila aliuliza tu kwa kuwa kuuliza ndiyo ilikuwa tabia yake. Jina lenyewe alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakunyamaza.

Muhula ule darasa lao lilipanda miti kando ya ua wa shule, palipokuwa na vumbi tupu. Kila mwanafunzi alipewa mche mmoja.

"Kupanda ni kazi ya siku moja," mwalimu wao wa sayansi aliwaambia. "Kulea ndiyo kazi yenyewe. Wageni watakapokuja kuiona miti yetu, mwenye mti uliotunzwa vizuri ndiye atakayewahutubia."

Kuhutubia! Moyo wa Chiriku uliruka. Mwalimu alipokuwa akieleza namna ya kupanda, yeye alikuwa akimnong'oneza jirani yake, mvulana mwembamba waliyemwita Kifimbo, jinsi atakavyoanza hotuba yake. Kisha akauchukua mche wake, akauzika ardhini na kuupigapiga udongo kwa viganja.

Hakuna aliyemwagilia kama yeye. Asubuhi alikuja na maji, jioni akarudi na maji. Kifimbo alimwagilia alipokumbuka. Lakini maajabu ndiyo hayo: mti wa Kifimbo ulichipua, na wa Chiriku ukaanza kuwa wa manjano. Majani yake mapana yaliinama, yakajikunja, yakaanza kudondoka.

Chiriku hakuelewa. Aliongeza maji, na mti ukazidi kunyauka. Alipunguza, hali ikawa ile ile. Akauimbia, akaukemea, akauomba radhi. Mwisho akamgeukia Kifimbo.

"Wewe umeutia chumvi mti wangu!"

"Mimi?" Kifimbo alishangaa. "Chumvi ya kula kwetu yenyewe haitoshi, nije niilishe miti?"

Wenzao walicheka. Chiriku hakucheka, na Kifimbo alikwenda zake amekasirika. Jumamosi ile Chiriku alijifunika shuka gubigubi na kulia, kwa sababu kama ni bidii, alifanya. Alichokosea ni nini?

Jumatatu alikwenda uani akiwa ameuzoea msiba. Alipofika, akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Mti wake ulikuwa wima, kijani kibichi! Darasa zima lilikuja mbio.

"Chiriku kafufua mti!" walipiga kelele, wakapiga makofi.

Mwalimu naye alifika. Aliutazama mti, akamtazama Chiriku, kisha akasema taratibu, "Basi naona tumempata wa kuwahutubia wageni. Kesho utatusomea hotuba yako darasani."

Chiriku aliinama kuutazama mti kwa karibu. Majani ya mche wake yalikuwa mapana. Haya yalikuwa membamba na marefu. Urefu wa mti ulikuwa ule ule, mahali palikuwa pale pale, lakini mti haukuwa wake. Mti gani hubadilisha majani kama mtu anavyobadilisha shati?

Alizunguka mti ule mpaka kengele ikalia. Ndipo alipoona kwamba umefungwa kwenye kijiti kwa utepe wa kitambaa cha bluu chenye mistari myeupe. Kitambaa hicho alikifahamu. Alikuwa amefagia vipande vyake wiki nzima.

Sasa ndiyo kwanza akili yake ikavurugika. Mama? Mama huyu huyu ambaye kila siku humwambia kuwa njia ya mwongo ni fupi? Akisema ukweli, atamwaibisha mama yake na hotuba itampotea. Akinyamaza, atasimama mbele ya wageni na kujisifia mti ambao hakuulea. Siku hiyo hakujua ashike lipi aache lipi, na mchana kutwa hakusema neno. Kifimbo, ingawa walikuwa wamekosana, alimwuliza kama anaumwa jino.

Jioni alisimama kando ya cherehani.

"Mama, ni wewe uliyepanda mti mwingine?"

Cherehani ilinyamaza. Mama alitoa pini mdomoni moja moja.

"Nilikusikia ukilia," alisema. "Mlinzi wa shule ananifahamu, akanifungulia jana. Mwanangu, kazi yangu mimi ni nini? Kikichanika kitu, natia kiraka."

"Lakini majani si yale."

"Urefu nilipima!" mama alijitetea. "Kwa futi yangu hii. Haukuzidi hata kidole!"

Chiriku hakujua kama acheke au alie. "Sasa nifanye nini?"

Mama aliinamisha kichwa.

"Sijui, mwanangu," alisema, na jibu hilo lilimtisha Chiriku kuliko ugomvi wowote.

Kesho yake mwalimu alimwita mbele. Chiriku alisimama. Hotuba yote aliijua kwa moyo, lakini alipomwona Kifimbo amekaa kimya kwenye dawati lake, maneno mengine yakatangulia.

"Ule mti si wangu," alisema. "Wangu ulinyauka. Nilishangiliwa nikanyamaza. Na Kifimbo hakutia chumvi. Nilimsingizia. Kifimbo, nisamehe."

"Na ule nani aliupanda?" mwalimu aliuliza.

Chiriku aliuma midomo. Kabla hajajibu, mlango uligongwa. Mama yake alikuwa amesimama pale, futi ya kupimia shingoni, mikononi amebeba karai, na ndani ya karai mlikuwa na mche ulionyauka.

"Ni mimi, mwalimu," alisema. "Usimwulize mtoto. Kosa ni langu, na usiku kucha sikupata usingizi kwa ajili yake."

Mwalimu alimkaribisha kwa heshima, akauinua ule mche. Akaugeuza. Mizizi yake ilikuwa bado imevaa mfuko mweusi wa plastiki uliotoka nao kitaluni.

"Chiriku! Huu mfuko ulikuwa unafanya nini ardhini?"

"Ulitakiwa kutolewa?"

"Mimi niliung'oa hivyo hivyo," mama alisema, "nikadhani miti ya shule hupandwa hivyo."

Darasa zima liliangua kicheko, na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akacheka pia. Mwalimu aliwaonyesha mizizi iliyojisokota ndani ya mfuko. Maji yote yale yalikuwa yametuama humo, na mizizi haikuwa na njia ya kutoka. Kisha akakwaruza ganda la shina kwa ukucha. Ndani kulikuwa na ukijani.

"Haujafa! Lakini mfuko ukatwe kwa uangalifu. Nani ana wembe?"

Mama alitia mkono mfukoni, akatoa mkasi.

"Mama! Mkasi wa kitambaa!"

"Nyamaza wewe, nishikie hapa."

Na mama akaukata ule mfuko, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Sikilizeni, wanangu," alisema alipomaliza. "Nguo nitaitia kiraka hata usikione. Lakini ukweli hautiwi kiraka."

"Na mti," mwalimu akaongeza, "haulelewi kwa bidii peke yake. Sikiliza kwanza, ndipo ufanye. Chiriku, jana nilikwisha kuyaona majani. Kila siku nakuomba unyamaze, lakini safari hii nilikuwa nangoja useme. Ahsante kwa kusema."

Kifimbo ndiye aliyewahutubia wageni, na alikohoa kuliko alivyosema. Chiriku alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Mti wa shule aliendelea kuutunza, na ule wake wa kwanza waliupanda yeye na mama yake mbele ya karakana.

Mvua zilipoanza, mche ule ulitoa jani moja pana. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake alirudi nyuma, kidogo aukanyage.

"Tahadhari!" mama alimpigia kelele kutoka ndani. "Utatuharibia kivuli!"

Mteja alitazama huku na huko, mkono juu ya macho, jua likimchoma utosini.

"Kivuli kipi, fundi?"

"Kinakuja," Chiriku alidakia, akaenda kuchota maji.