Mwenye Mahali Hapa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Gyeryong nilipoingia jengo la maabara, karatasi ya dua nimeibana kwapani. Shughuli yenyewe ilikuwa ndogo: kuisoma dua, kunywa kikombe kimoja, kurudi nyumbani.

Naitwa Cheon Man-sik. Nilipokuwa shule ya msingi, enzi za Wajapani, mwalimu alinivua jina hilo akanivika la kwao, na mtoto aliyejisahau akajitaja kwa jina la baba yake alichapwa. Tangu hapo jina la mtu silichezei. Siliongezi wala silipunguzi.

Nilifundisha kemia katika chuo kikuu hiki cha sayansi, hapa Daejeon, mpaka nikastaafu. Watu wa hapa hupima vitu visivyoonekana kwa jicho, lakini hakuna anayethubutu kuwasha mashine mpya kabla haijafanyiwa tambiko na kupewa kichwa cha nguruwe. Na kwa kuwa vijana hawajui tena kuandika kwa brashi herufi za kale, huniita mimi.

Safari hii aliyeniita ni Profesa Tak Yeong-mo. Alikuwa na tanuri jipya la kukuzia fuwele. Aliyelibuni ni mwanafunzi wake, Pyo Seon-ok. Kibao cha shaba mbele ya tanuri kilikuwa na jina moja tu: Tak Yeong-mo.

Seon-ok alifia katika chumba hichohicho cha tanuri, majira ya baridi, miaka miwili kabla ya hapo. Gesi ya sumu, fosfini, ilivuja na king'ora hakikulia. Tak aliiambia kamati ya chuo kwamba binti mwenyewe ndiye aliyekata waya, eti kelele zilimsumbua. Mama yake, muuza samaki wa Gunsan, aliletwa mbele ya watu akainama kuomba radhi kwa uzembe wa marehemu mwanawe.

Nilimwona akiinama. Sikusahau.

Seon-ok alianzia darasani kwangu, na nilimjua: hata mshumaa alikuwa akiuzima mara mbili. Nilitaka kitu kimoja tu, jina lake lisafishwe. Nilikwenda kwa kamati. Nilikwenda kwa Tak mwenyewe. Alinijibu, "Mzee, umestaafu. Basi staafu kweli."

Mle ndani Eom Jae-hun, mwanafunzi mkubwa kuliko wote wa Tak, alikuwa juu ya ngazi ya mbao akifunga samaki mkavu wa kinga juu ya mlango kwa uzi mweupe. Chini, Bin Hye-ran, binti aliyeanza masomo mwaka ule, ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Shika vizuri, wee! Ngazi hii haisimami bila mtu."

"Kaka, wewe ndiye mzito. Mkate wa mchele umeumaliza peke yako."

"Nyamaza. Mtazame nguruwe, anavyotabasamu."

"Anamshinda Profesa."

Walicheka, kisha wakaniona, wakaacha. Nilitazama juu. King'ora cha zamani kilikuwa bado kipo darini, waya wake umekatwa, unaning'inia.

Tak aliingia na suti nyeusi. "Mwalimu, dua umeandikaje?"

"Bado nafasi moja. Tunamwalika nani?"

"Mzimu wa hapa. Andika tu mwenye mahali hapa."

"Mgeni haalikwi bila jina, Profesa. Atakuja yeyote."

"Basi aje yeyote!" Aliwageukia vijana. "Pombe si ipo?"

Wakacheka kwa adabu. Nikatoa brashi yangu, nikaandika: mwenye mahali hapa.

Nilijua mwenye nafasi ile ni nani.

Ubani ukawashwa. Mlango ukaachwa wazi kidogo, kama desturi, ili mgeni apite. Nikasoma dua polepole. Nilipofika kwenye maneno yale, moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda wima, ukalala... ukaelekea mlangoni... kisha ukarudi, kama unaopisha mtu.

Hye-ran akanusa.

"Kaka," alinong'ona, "nani katia kitunguu saumu?"

"Kichaa? Nani anatia saumu kwenye chakula cha mizimu? Si itakimbia?"

"Nanusa, kaka."

Nami nilinusa. Harufu ya saumu, na chini yake samaki aliyeoza. Nilifundisha kemia miaka mingi. Hivyo ndivyo fosfini inavyonuka.

Lakini mitungi ya gesi ilikuwa haijaletwa. Mabomba yalikuwa matupu.

Tak alipiga magoti mbele ya kichwa cha nguruwe. Mzimu wa mahali husujudiwa mara tatu. Aliye hai, mara moja. Mara mbili ni za maiti.

Akasujudu. Akainuka.

Akasujudu tena.

Hakuinuka.

Tulingoja. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, kama ya mtu anayesukumana na mzigo. Viganja vilikuwa vinakwaruza sakafu. Nywele za kisogo chake zililala chini, bapa, kwa umbo la kiganja kidogo.

"Profesa?" Jae-hun aliita.

Ndipo king'ora kikalia.

Kile cha zamani, chenye waya uliokatwa. Kililia mpaka vikombe vikagongana mezani na pombe ikamwagika. Hye-ran alikimbilia ukutani, akaziba masikio. Tak, paji la uso sakafuni, akaanza kusema. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka kama kitu kinachokamuliwa.

"Nilikata mimi... Kilikuwa kinanivurugia jaribio. Nilipanda ngazi nikakata mimi. Seon-ok hakujua..."

"Jina lake lote," nilisema.

"Pyo... Pyo Seon-ok hakujua!"

King'ora kikakatika.

Harufu ikaondoka, mara moja, kama mlango uliofungwa. Kikombe cha pombe kilichokuwa mbele ya nguruwe hakikumwagika kama vingine. Kilikuwa kikavu.

Wakaguzi walipima chumba wasikute chembe ya gesi. Kuhusu king'ora walisema labda ni umeme uliobaki. Umeme uliobaki wapi, hawakusema. Hye-ran alieleza kamati aliyoyasikia, nami nikaeleza. Kibao kilibadilishwa, kikaandikwa Pyo Seon-ok. Safari hii kamati ndiyo iliyoinama, mbele ya muuza samaki wa Gunsan. Nilisimama pembeni nikatazama mpaka mwisho.

Tak yu hai. Anaishi kwa kaka yake shamba. Madaktari wanasema ni uti wa mgongo, lakini tangu jioni ile hajasimama wima. Hutembea paji la uso likielekea ardhini. Sujudu ya tatu bado hajaimaliza.

Nilidhani Seon-ok ameridhika.

Jana Eom Jae-hun alinipigia simu. Siku hizi ni profesa, na chumba kile ni chake. Amenunua mashine mpya.

"Mwalimu, tunakuomba dua. Kesho jioni."

"Tunamwalika nani?"

"Andika tu... kama ilivyozoeleka."

"Sawa. Ile ngazi ya mbao bado ipo?"

"Ipo, Mwalimu. Kwa nini?"

"Haisimami bila mtu," nilisema. "Tak alipopanda kukata waya, aliishika nani?"

Nilimsikia akipumua. Kisha, kwa mbali, nikamsikia akimuuliza mtu mle ndani, kwa sauti iliyokwisha badilika:

"Nani... nani amekula saumu humu?"

Wino nimeshausaga. Karatasi ni hii hapa mbele yangu. Nitakwenda.