Jiwe la Maziwa

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote: nepi kwenye kamba, chai mezani, na Mama Kibonge huyo, anaelekea kliniki na mwanawe wa miezi miwili. Nesi akamlaza mtoto kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Mama, huyu amepungua. Wiki tatu, nusu kilo! Unamnyonyesha kweli?"

Kunyonyesha? Usiku na mchana! Lakini ziwa lilikuwa kavu, na mtoto hata kulia kashachoka. Na jiwe je? Si analo kifuani! Kapewa na mama mkwe, jeupe, laini, limekaa ndani ya kikombe kidogo cha fedha kwenye mkufu. "Wanawake wa zamani walilivaa maziwa yasikauke," mama mkwe alimwambia. "Jekundu la damu, la kijani la macho, jeupe la maziwa." Basi yeye, wiki tatu nyuma, kwa ujuaji wake, akalipeleka kwa sonara akitoe kile kikombe, jiwe liguse mwili, lifanye kazi zaidi.

Labda limeharibika. Akatoka kliniki mbio hadi kwa sonara.

"Karibu shemeji! Kibonge mbona kawa kimbaumbau?"

Mama Kibonge akafungua mkufu. Jiwe likabaki kifuani.

Akalivuta. Limeng'ang'ania. Akalivuta kwa kucha, likabanduka, na likatoa mlio. Mlio ule ule wa chuchu ikimtoka mtoto mdomoni.

Sonara aliacha kutabasamu. Akaliweka kwenye kimizani chake.

"Nilipolitoa kwenye fedha lilikuwa gramu tisa," alinong'ona. "Sasa kumi na nne. Shemeji, umelilisha nini?"

Jiwe lilikuwa la moto. Akajaribu kulirudisha kwenye kile kikombe. Halikuingia. Akalitia kwenye sanduku la chuma, akafunga kufuli.

"Nenda kamnyonyeshe mwanao. Sasa hivi."

Alinyonyesha hapo hapo, kwenye benchi la dukani, hana hata aibu. Kibonge akavuta. Akavuta tena. Maziwa yakaja, yakamjaa mdomoni hadi yakamwagika shavuni, na mama mtu akacheka huku analia.

Jioni, akioga, ndipo akaona. Pale jiwe lilipokuwa, alama ndogo za meno, juu na chini. Kibonge hana hata jino moja.

Akazihesabu. Nne.

Asubuhi akazihesabu tena.

Sita.