Kikohozi cha Kompyuta

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu, fundi wa programu tuliyembandika jina Sikomi, maana hata bosi wake hakumwogopa.

Bosi huyo alipenda kuwasimamia watu nyuma ya viti vyao. Akitembea koridoni, mguu mmoja uligonga, mwingine ukaburura. Basi Sikomi, kwa utani tu, akaifundisha kompyuta yake kuutambua mwendo ule kwa sauti. Bosi akija, inakohoa. Akikaribia, inakohoa haraka zaidi. Akishasimama nyuma ya kiti, inanyamaza, isije ikamuumbua Sikomi.

"Utoto huo!" wenzake walimcheka. Lakini utoto ukafanya kazi, na haukukosea hata mara moja.

Kisha bosi akafariki, wakamzika.

Siku ya kurudi kazini, mchana, mawingu yakatanda, mvua kubwa ikanyesha na umeme ukakatika. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Sikomi akabaki peke yake gizani, akiandika kwa mwanga wa kioo cha kompyuta, iliyokuwa ikitumia betri.

Kompyuta ikakohoa.

Alitega sikio. Koridoni hakukuwa na nyayo, ila mvua juu ya bati. Ikakohoa tena, mara mbili, halafu mfululizo, kama mgonjwa wa kifua.

Nywele zilimsimama, lakini vidole havikuacha kuandika.

"Mzee," akasema kwa sauti, "ulipokuwa hai sikukuogopa, ndiyo nije nikuogope leo? Sigeuki ng'o!"

Kikohozi kikazidi kasi, kikazidi tena.

Kisha kompyuta ikanyamaza.