Mpenzi Aliyefukiwa Kwenye Ngolo

Harufu ya asumini iliingia jikoni kwa Ottilia saa nne asubuhi, akiwa anachambua maharage, na kijijini Kitura hakuna asumini. Kuna harufu ya moshi, ya kahawa, ya udongo uliolowa, na ya beberu wa jirani upepo ukigeuka. Ottilia alinusa chungu, akanusa khanga yake, akamnusa hata mdogo wake Luisa aliyekuwa anaosha vyombo.

"Umejipaka nini wewe?"

"Sabuni ya mche tu, dada. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Ottilia, lakini moyoni alikasirika. Harufu ile aliijua. Alikuwa ameisoma. Ndiyo ilianza ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokifukia mwenyewe mwezi wa tatu.

Ottilia alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa kahawa na maharage, na msomaji asiye na adabu. Hivyo ndivyo walivyomwita wenzake wa kundi la wasomaji la Wasapu, watu wa kuanzia Mbinga mjini mpaka kule chini ziwani, na walimwita hivyo huku wakimsubiri. Kila Jumapili baada ya Misa alirekodi maoni yake kwa sauti, nao wakasikiliza wakiwa wanapika, wanafua au wanaanika usipa, dagaa wa ziwani.

"Hadithi za mapenzi za siku hizi," aliwaambia Jumapili moja, "mwanaume anamfuata msichana, msichana anakataa. Anamfuata tena, anakataa tena. Anamfungia ndani. Ukurasa wa mwisho msichana anamshukuru kwa kutokata tamaa! Hayo siyo mapenzi jamani, huo ni utekaji wenye maua. Na hizi za kutisha nazo! Kila jini ni mwanamke mzuri mwenye kwato, kila anayeadhibiwa ni mke aliyejibu, na mwandishi akichoka analeta mganga, moshi kidogo, hadithi imekwisha. Mimi sitishwi na kwato. Nimelelewa na ng'ombe."

Siku hiyo alikuwa anakisema kitabu kiitwacho *Nitakuoa Hata Ukilia*, alichokinunua Luisa sokoni Mbinga. Kilichanganya vyote viwili. Jini mahaba aitwaye Sabri, mwenye shati jeupe na harufu ya asumini, alimpenda msichana aitwaye Naima, akamwandama mpaka akampata. Luisa alikililia mara mbili kwa utamu. Ottilia alikisoma kwa siku moja, uso umekunjamana, kisha akaenda nacho shambani.

Wamatengo wa milima hiyo hawalimi mteremko hivihivi. Majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatana kama nondo za dirisha, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Panabaki shimo katikati na matuta pande nne, na hiyo ndiyo ngolo. Majani yanaoza chini ya tuta, maharage yanashiba. Ottilia alikilaza kitabu juu ya majani, akapiga picha, akakifunika kwa jembe. "Angalau kirutubishe kitu," aliwaandikia wenzake, nao wakacheka siku nzima.

Lakini jioni ile aliandikiwa pembeni na msichana asiyemjua, Violet wa Lundo kule ziwani, muuza usipa. *Dada, uliposema utekaji wenye maua nilijiona mwenyewe. Henry ananifuata kanisani, sokoni, mpaka mtoni. Leo nimemrudishia pete.* Ottilia alisoma maneno yale mpaka machozi yakamlenga. Tangu siku hiyo aliyaonea fahari kuliko kahawa yake yote.

Basi sasa asumini. Siku ya pili ilikuja na sauti. Mchana, jua likiwaka, darini kulisikika karatasi ikigeuzwa, ikatulia kwa muda wa mtu kusoma, ikageuzwa tena. Panya hawasomi. Siku iliyofuata Ottilia alikuwa ameinama anachochea moto, mtu akamwambia sikioni, kwa sauti laini ya mtu aliyelala vizuri, "Nimekuja, malkia wangu. Hata ukikataa, moyo wako umeshasema ndiyo."

Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni mpaka unyayoni. Hata hivyo hakugeuka.

"Sura ya tatu," alisema. "Hata huko ilikuwa mbaya."

Kitu kile kilicheka taratibu. Ulipofika usiku, Ottilia alijaribu kusali rozari akakuta sauti imemkauka.

Jumapili alirekodi kama kawaida, kwa kunong'ona, habari za kitabu kingine kabisa. Alipotuma, kundi likalipuka kwa vigelegele. Luisa alifungua kusikiliza. Ilikuwa sauti ya Ottilia, na kikohozi chake, na hata beberu wa jirani alisikika nyuma, ila maneno hayakuwa yake. "Ndugu wasomaji, nilikosea. Kitabu kile ni kizuri. Mwanamke anayekataa bado hajajijua. Anayengoja mlangoni ndiye anayependa."

"Dada, kumbe umekubali!" Luisa alifurahi.

Ottilia alirekodi tena, maneno yakatoka yamegeuka. Akaandika kwa vidole, na mbele ya macho yake herufi zikajipanga kumsifu Sabri. Kufikia Jumatano hata kunong'ona kulikuwa kumekwisha, ikabaki pumzi. Akashikwa na hasira ya kumtoa mtu machozi, maana mashamba, nyumba na mume vingeweza kuondoka na vingine viliondoka, lakini neno lake halikuwahi kuchukuliwa na mtu.

Alhamisi Violet alipiga simu.

"Shikamoo, dada Ottilia. Nimesikia sauti yako ya Jumapili, nikairudia na kuirudia. Kama wewe unasema hivyo, basi mimi ndiye mkosaji. Henry anakuja Jumamosi kunichukua. Nimwambie ndiyo?"

Ottilia aliishika simu kwa mikono miwili. *Usiende*, alitaka kusema. Kifua kilijaa neno hilo tu. Koo likafunguka ghafla, na sauti yake, nzima, tamu, ikatoka, "Nenda, mdogo wangu. Akikubana ni kwamba anakupenda. Utazoea."

Luisa alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliona midomo ya dada yake imefumbwa kabisa, machozi yanamtiririka, na sauti inaendelea kutoka. Ndoo ikaanguka.

"Siyo wewe," alinong'ona Luisa. "Mama yangu, siyo wewe unayesema."

Luisa alimpigia Violet mara nyingi amkanye, lakini kila alipofungua kinywa, kule Lundo ilisikika sauti ileile tamu ya Ottilia. Alfajiri akapanda pikipiki mpaka Tingi, akarudi na Mzee Vitalis, mganga mwenye mkoba wa ngozi na heshima zake. Mzee alifukiza, akakohoa, akanusa pembe za nyumba.

"Huyu ni jini mahaba," alisema kwa sauti ya chini, jicho likiwa darini ambako karatasi ilikuwa inageuzwa. "Hana vita. Ametukanwa mbele za watu, anataka heshima yake. Mama, umtamke mume, kwa hiari yako, wenzako wa kundi wakisikia. Umtengee kitanda kisafi, siku moja tu kwa wiki. Atakurudishia sauti."

Ottilia alitikisa kichwa.

"Ni siku moja tu, mama."

Ottilia alinyanyuka, akauchukua mkoba wa mzee, akaufunga kamba vizuri, akamkabidhi mlangoni.

"Dada hataki, mzee wangu," alisema Luisa. "Samahani sana."

"Basi mimi simo," alisema Mzee Vitalis, akashuka njia ya shambani haraka kuliko umri wake.

Ottilia alimsindikiza kwa macho, na ndipo alipoliona tuta. Maharage ya mteremko mzima yalikuwa kimo cha goti. Ya tuta moja yalikuwa kimo cha kifua, yametoa maua meupe makubwa, na yote yameinamia nyumba. Upepo ulitoka upande huo, na upepo ulinuka asumini.

Alijipiga kipaji cha uso. Mtoto gani wa Kimatengo asiyelijua hili? Ngolo siyo kaburi. Kinachowekwa chini ya tuta kinawekwa ili kiote. Yeye alijisifu kwamba amemzika, kumbe alikuwa amempanda, akampalilia, na mvua zote za masika akamnywesha.

Alichukua jembe. Luisa akamfuata, simu mkononi, bila kuulizwa.

Ilikuwa alasiri, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ukazimeza ngolo za chini moja baada ya nyingine. Ottilia alipiga jembe kwenye tuta, udongo ukatoka wa moto, wa moto kama majivu ya jikoni, na alipopiga la pili akasikia chini pumzi ya mtu anayeamshwa, na alipoinua uso Sabri alikuwa amesimama pale katikati ya shimo, shati jeupe, kidevu laini, kama kwenye jalada, na viatu vyake havikuwa na tope hata tone, na hakuna mtu anayesimama ndani ya ngolo mwezi wa nne akabaki na viatu safi, na ni viatu vile, siyo macho wala tabasamu, vilivyomfanya Ottilia ahisi mkojo unamkaribia na jina la marehemu mama yake linampanda kooni.

"Sema mara moja tu," alisema Sabri kwa upole. "Mume wangu. Wewe mwenyewe. Nitakuacha uendelee kusoma. Nitakuchagulia mimi."

Ottilia alifungua kinywa amtukane, na ulimi ukaanza kumpinda wenyewe, "Mu..." Aliung'ata mpaka damu. Akapiga jembe mara ya tatu. Kitabu kikatoka, kizima, chenye jasho, mizizi ya maharage imepenya kila ukurasa. Alikifungua ili akichane, na jicho likaangukia mstari wa kwanza uliokuwepo.

*"Hapana," alisema Naima.*

Akausoma tena. Alikuwa ameachiwa maneno ya kitabu tu. Lakini hili nalo lilikuwa la kitabu.

"Hapana," alisema Ottilia.

Lilitoka. Lilitoka limekwaruza, lina damu, lakini la kwake. Tabasamu la Sabri likasita.

"Hilo siyo neno," alisema. "Mwandishi aliliweka tu kunogesha."

Ottilia alifunua mbele. Naima alikataa mlangoni. "Hapana." Alikataa garini. "Hapana." Alikataa akiwa amefungiwa, akilia, akiomba, sura baada ya sura, na hakuna aliyemsikia, siyo Sabri, siyo mwandishi, siyo wasomaji waliolia kwa utamu.

"Niliyaruka yote," alisema Luisa, akilia sasa kwa jambo lingine. "Dada, niliyasoma nikayaruka yote." Akasogea, akashika upande wa pili wa kitabu, simu ikiwa inarekodi, wakasoma pamoja, "Hapana! Hapana!", sauti mbili zikapanda mteremko, na kila neno lilipotua, tope lilimpanda Sabri, kwanza viatu, kisha suruali, kisha shati, mpaka aliponyoosha mkono kukifumba kitabu wakaona mkono wenyewe ni majani makavu ya kufyekwa. Kilichofuata kilikuwa harufu ya uozo. Kitabu kiliwalegea mikononi, kikawa uji mweusi, na maharage ya tuta lile yakalala chini yote.

Luisa alibonyeza simu wasikilize. Sauti haikuwa imegeuka. Wakaituma Lundo bila maelezo.

Violet hakujibu jioni ile. Ottilia alijaribu kumpigia, simu haikupokelewa. Alikaa na simu mapajani, koo linawaka, akisema majina ya vitu vya jikoni kimojakimoja ili kuhakikisha sauti bado ni yake.

Jumamosi asubuhi uliingia ujumbe wa sauti. Ulianza na mlango unaogongwa. Kisha mwanaume akazungumza kwa nje, polepole, kama mtu aliyelala vizuri.

"Fungua. Nimekuja, malkia wangu. Hata ukikataa, moyo wako umeshasema ndiyo."

Kikombe kilimponyoka Luisa. "Huyo Henry anasoma vitabu?"

Ottilia aliinua mkono anyamaze. Ndani ya simu kulikuwa na pumzi za msichana, na nyuma ya pumzi hizo, kwa mbali, karatasi ikageuzwa. Kisha ikasikika sauti ndogo ya Violet, inayotetemeka.

"Hapana."

Na komeo la ndani likasukumwa, likafunga.

Ottilia alibonyeza kitufe. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, na mpaka leo ni hivyohivyo, lakini maneno yalitoka kama alivyoyataka. "Nimekusikia, mdogo wangu. Usifungue. Kaa hapohapo, tunakuja."

Akajifunga khanga, akachukua jembe nyuma ya mlango.

"Luisa, vaa viatu."

"Tunaenda wapi, dada?"

"Lundo. Kusimama mlangoni."

Walishuka kuelekea barabarani. Kwenye kona ya mwisho ya shamba asumini iliwafikia tena, nzito, kutoka nyuma yao. Luisa alimshika dada yake mkono. Ottilia hakugeuka.

"Tufuate basi," alisema. "Njia nzima nitakusomea hapana za Naima."