Mtu wa Kujaza Nafasi

Tumpe alipakua uji wa mtu wa tatu.

Isaka akalitazama bakuli lile, akamtazama mkewe, akaona hatanii. "Wa nani huu?"

"Wa mgeni wako. Anakohoa hapo nje tangu nawasha moto. Si umkaribishe, jamani, na baridi yote hii?"

Isaka akafungua mlango. Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeilalia Mbebe nzima, ua umelowa chepechepe, migomba inachuruzika maji. Hakukuwa na mtu. Lakini kando ya kizingiti, pale mgeni mwenye adabu anapochuchumaa akisubiri kuitwa, palikuwa na ardhi kavu, duara la ukubwa wa mtu mzima. Akaigusa. Ilikuwa na joto.

"Ameshaondoka," akasema. Akanywa mabakuli yote mawili, kwa sababu uji ni uji, na kwa sababu mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane na hakutaka aulize zaidi.

Isaka alikuwa mkalimani wa Misi Prati. Misi alitoka chuo kikuu cha kwao Uingereza mwaka ule wa 1938, akaja milima ya Ileje kuandika koo za watu: nani kamzaa nani, na huyo alizaliwa na nani. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu vyake vyenye matope kabla ya kuingia nyumba ya mtu, alikisema Kiswahili cha kitabuni bila haya, na hakuwahi kumfokea mpagazi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Hakuweza kuvumilia nafasi tupu kwenye karatasi.

Nayo karatasi ya ukoo wa Mzee Damiano ilikuwa na nafasi tupu. Baba wa babu yake Damiano alipotelea porini asizikwe, na kwa watu wa pale asiyezikwa hatajwi. Ukimtaja marehemu, sharti umwagie unga wa ulezi kaburini pake na umweleze umemwitia nini. Asiye na kaburi utammwagia wapi?

"Kila mtu ana jina, Isaka," Misi alisema. "Kesho tutarudi kuuliza."

Walikuwa wamesharudi mara tatu. Mara ya mwisho mke wa Damiano alitoka nje akilia. Isaka akayafikiria machozi ya yule mama, akakifikiria na kile kilima chenye utelezi (tuwe wakweli, alikifikiria zaidi kilima), akasema, "Nimekumbuka, Misi. Anaitwa Lyansulo."

Hakuna mama aliyewahi kumwita mtoto wake jina hilo. Alilitoa hewani. Misi akafurahi, akamwomba alitamke tena ili aliandike sawasawa, na tena, polepole, na tena. Mara nane, ndani ya hema, bila unga, bila neno la umemwitia nini. Isaka hakuwa na wasiwasi. Angemwogopaje mtu ambaye hakuwahi kuwapo?

Hayo yalikuwa wiki moja kabla ya uji.

Kikohozi kikaendelea. Kila asubuhi duara lile kavu lilisogea, kidogo tu, kuelekea ndani. Jumatano, jua likiwa limechomoza kidogo baada ya adhuhuri, Tumpe alikuwa akitwanga mahindi peke yake nyuma ya nyumba aliposikia harufu ya udongo wa mfinyanzi, ule udongo mbichi ambao haujaiona tanuru, na harufu ikazidi mpaka akaihisi kwenye meno, halafu sauti isiyo ya mzee wala ya kijana ikauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa heshima zote, kama anavyouliza mtu aliyetumwa, "Baba yupo?"

"Baba gani?"

"Baba Isaka. Mwulize, mama. Mimi ni wa nani?"

Mchi ukamponyoka. Na tangu saa ile mtoto tumboni, aliyekuwa akimpiga mateke kutwa kucha, akatulia.

"Hachezi," Tumpe alimnong'oneza mumewe jioni ile. "Isaka, mtoto hachezi. Umeleta nini nyumbani kwangu?"

Wakamwita Bibi Ruti, aliyekuwa mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mganga siku sita zilizobaki, na ambaye hakuona tatizo lolote katika mpango huo. Akanusa kizingiti. Akaweka kiganja tumboni kwa Tumpe, akakaa nacho muda mrefu.

"Yuko hai. Lakini kuna mtu amekalia mlango wake. Huyo mtu kazikwa wapi, nimrudishe?"

Isaka akakitazama kizingiti.

"We kijana, nakuuliza."

"Hajazikwa, bibi. Hajafa. Misi alitaka jina la kuandika. Nilimtunga."

"Ulimtunga!" Bibi Ruti akaanza kufunga kimfuko chake cha dawa. "Wafu mimi nawajua, wana makwao. Wako huyu hana kwao, nitamrudisha wapi? Anatafuta pa kuzaliwa, na wewe uliyemwita ndiye baba yake." Alipofika mlangoni akageuka. "Nenda kamfute alikoandikwa. Halafu kila aliyemtaja aje hapa amkane."

Isaka akakimbia mpaka kwenye hema. Akaungama yote, kilima pamoja na machozi, akimsihi Misi afute.

Misi Prati akamsikiliza, kalamu mkononi, kisha akamfunulia karatasi. Kumbe wiki ile yote ya kikohozi, Isaka akiwa nyumbani na mkewe, Misi alikuwa amezunguka na Jonasi, mwalimu wa shule, akiuliza habari za Lyansulo. Na watu wa Mbebe ni watu wa adabu. Mgeni akiuliza juu ya mtu ambaye tayari kamwandika, nani atambishia? Nyumba ya kwanza ilikubali kwamba yupo. Ya pili ilisema alikuwa mrefu. Ya tatu ilitaja wake zake wawili. Katika ya nne mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho aliapa kwamba babu yake alibebwa mgongoni na Lyansulo kuvuka mto.

"Watu hukana wanapoogopa," Misi alisema kwa upole. "Wewe unaogopa, Isaka. Hiyo nayo nitaiandika."

Jumamosi asubuhi wakakusanyika uani kwa Isaka, nyumba zote nne na mwalimu Jonasi, Mzee Damiano mbele. Bibi Ruti akampa kila mmoja majivu kiganjani. Ndani, Tumpe alikuwa amelala chali akihesabu pumzi zake, na duara lile kavu sasa lilikuwa limefika ukingoni mwa kitanda.

"Hatukujui," Damiano akasema, akamwaga majivu kizingitini. "Hukuzaliwa kwetu."

"Hatukujui," wakafuata wengine, mmoja mmoja, na kila majivu yalipoanguka harufu ya udongo mbichi ilipanda, nzito, ya kukaba koo, na ukuta wa nyumba ukaanza kutoka jasho, na kutoka ndani ikasikika sauti ikilia bila machozi, ikiita baba, baba, huku Isaka akisogea mlangoni na majivu yake, akijua kwamba neno atakalolisema hataweza kulisahau.

"Sikukuzaa," akasema. "Nilidanganya."

Bibi Ruti akamnyooshea Misi kidole. "Na yeye. Yeye ndiye aliyemwandika."

Isaka akatafsiri. Misi Prati, aliyekuja kuandika, alikuwa amesimama kando na daftari lake, uso umempauka. Akayatazama majivu aliyopewa, akayarudisha.

"Mwambie samahani. Siwezi kusema kitu ambacho si kweli kwangu. Nina nyumba nne zilizomshuhudia. Namjua mtu huyu. Namjua kuliko ninyi nyote."

Upepo ukapita uani, kutoka ndani kwenda nje. Tumpe akapiga ukelele. "Amecheza! Isaka, amecheza, huyu hapa!"

Isaka alipopiga magoti kitandani kiganja chake kikapokea teke, kisha la pili. Alipoinuka akamkuta Bibi Ruti mlangoni, akimtazama Misi akishuka kwenda hemani kwake.

"Kapata wa kumkubali," Bibi Ruti akasema kwa sauti ya chini. "Hilo usimtafsirie."

Baada ya siku tisa Misi Prati akafunga mizigo. Isaka akamsindikiza kwa miguu mpaka Mpemba, kwenye barabara kuu, alikomngoja dereva Osward na lori lake. Misi alikuwa amekonda. Hapati usingizi vizuri, alisema, pengine ni mwinuko. Akampa Isaka mkono, akamshukuru kwa kazi njema, akapanda mbele.

Osward akamvuta Isaka kando, akasema harakaharaka kwa Kinamwanga, lugha ya mama yake Isaka. "Kaka, uliniambia abiria mmoja. Yule mzee mrefu aliyekaa katikati ya kiti, mwenye nguo za matope, anateremkia wapi?"

Isaka akatazama juu. Akamwona Misi peke yake, amejibana dirishani, ameacha nafasi pembeni yake bila kujua kwa nini.

"Dereva anasema nini?" Misi akauliza.

Angeweza kumwambia. Majivu yalikuwapo tele kwenye jiko la mama muuza uji hatua kumi tu kutoka pale, na neno lenyewe ni moja tu: sikujui. Akilisema, Misi atakuwa huru. Na aliye pembeni yake atateremka, ataikumbuka njia ya Mbebe.

"Anasema barabara ni kavu, Misi," Isaka akasema. "Mtafika salama."