Kivumbasi cha Juu ya Jiwe

Nyuma ya nyumba ya akina Kija, kule Buhongwa, kuna jiwe kubwa ambalo jua likiwaka hushika joto kama kikaango. Kila Jumamosi Kija alianika juu yake dagaa, mihogo, hata sare za shule. Basi Mama alipomwambia aanike majani ya kivumbasi kivulini wiki nzima, ya kuhifadhia mbegu za choroko zisiliwe na wadudu, aliona huo ni usumbufu wa bure. Aliyatandaza jiweni, jioni yakawa yamekauka kau. Akayatwanga, akayachanganya na mbegu debeni, akaenda zake kucheza rede.

"Uliyaanika kivulini?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Baada ya mwezi, wadudu wakajaa debeni. Mama alichota choroko kiganjani, nyingi zimetobolewa. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mbegu nyingine hawana.

"Kivumbasi hiki nacho kimekwisha nguvu," alisema kwa huzuni. "Labda ninunue hizo dawa za nje zilizojaa madukani siku hizi."

Kija alikosa raha. Kesho yake alimweleza Mwalimu Josephat, mwalimu wa Sayansi, ukweli wote, akampa na choroko chache zenye wadudu.

Mwalimu hakumgombeza. Alichemsha majani mabichi sufuriani, akaweka bakuli katikati, akafunika kwa kifuniko kilichopinduliwa, juu yake akamwaga maji baridi. Mvuke ulipoa, ukawa maji yaliyodondoka bakulini.

"Tazama," alisema.

Juu ya yale maji yalielea matone madogo ya mafuta, yanang'aa. Kija aliinama kunusa, harufu ikampanda hadi machozi yakamtoka. Shamba zima la kivumbasi lilikuwa humo bakulini!

"Ndani ya mafuta haya mna kemikali nyingi," Mwalimu alieleza. "Mojawapo ni yujenoli, ileile iliyomo kwenye karafuu. Kemikali hizo ndizo zinazofukuza wadudu. Lakini joto huzirusha hewani."

Alipaka tone karatasini, akaachia wale wadudu wa choroko kando yake. Wote waligeuka wakakimbia. Kija alibaki ameduwaa. Miaka yote alikuwa akilikanyaga jani hilo njiani, kumbe limebeba makubwa namna ile.

Jioni alimwambia Mama kila kitu. Walichambua choroko zilizobaki nzima, wakapata nusu debe tu, na safari hii kivumbasi kikakaushwa kivulini. Mbegu zilifika msimu salama.

"Kuharibu nimekusamehe," Mama alimwambia siku ya kupanda. "Ila uliniacha mwezi mzima nikiyaamini majani yaliyokufa. Ungesema kweli nilipokuuliza, leo tungepanda shamba lote."